Medali ya "Kasino"

Mtu anayekuja kubadilisha betri ya saa hashushi sauti. Huyu kijana aliegesha bodaboda yake mbele ya meza yangu, akaniamkia, akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha akainama mpaka helmeti ikagonga kibao changu cha bei.

"Mzee, ile lenzi yako ya jichoni unayo?"

Nikajua kimechimbuliwa kitu.

Nimekaa na meza ya saa hapa Songea mjini zaidi ya miaka thelathini. Saa zenyewe siku hizi ni chache, simu zimezila, lakini lenzi imebaki kuniletea wateja wa namna yake. Naletewa pete, sarafu, vifungo vya makoti ya askari, vigae vya chupa, mara moja hata jino. Wengi wana imani moja: kwamba Mjerumani alipokuwa anakimbia vita aliacha mali ardhini, na mali hiyo ina alama yake. Wapo madalali wanaokula kwa imani hiyo. Sijaona hata mmoja aliyejenga kwa mali ya Mjerumani. Waliojenga wamejenga kwa fedha za wanaoitafuta.

Kijana akakunjua kipande cha khanga. Ndani mlikuwa na kitu cha mviringo, ukubwa wa kifungo cha koti, rangi ya jivu, udongo mwekundu umejaa kwenye mifereji yake. Upande mmoja mzee wa ndevu amevaa joho. Upande wa pili msalaba, na herufi zimetapakaa kila mahali, ndani ya msalaba, pembeni mwa msalaba, ukingoni kote, bila neno hata moja la kusomeka.

"Dalali kaniambia hii ni ramani. Herufi ndiyo maelekezo. Anataka laki tatu ampelekee mtu wa kuzisoma." Kisha akaweka ukucha chini ya miguu ya yule mzee wa ndevu. "Na ona hapa. Wameandika kasino."

Nikaibana lenzi jichoni. Kweli: CASINO.

Kabla sijaendelea, niseme kilichonifanya nisichukue kitambaa nikaanza kuisugua, maana kila mwenye kitu cha zamani mkono humwasha hapo. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii, mama mmoja aliniletea medali ya shaba ya marehemu baba yake, imepiga weusi. Nikataka kumfurahisha. Nikaisugua kwa ndimu na majivu mpaka ikang'aa kama sufuria ya harusini. Yule mama akaipokea, akaigeuza, akaigeuza tena, akaniuliza, "Na jina liko wapi?" Sikuwa na jibu. Tangu siku ile natumia maji ya vuguvugu na mswaki laini, basi, na udongo ukikataa kutoka nauacha.

Udongo wa kijana ulitoka. Nikaiweka medali kiganjani kuipima. Shaba ya ukubwa ule ingejisikia. Hii ilikuwa nyepesi kama kifuniko cha soda. Sumaku ya spika haikuishika. Haikuwa na ile kutu ya kijani ya shaba, ila vishimo vidogo vidogo kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Aluminiamu, ndugu yake sufuria. Nikaliweka hilo pembeni, nikarudi kwenye maandishi.

Kwenye vitu vya Kilatini mimi huanzia chini, penye herufi ndogo kuliko zote, kwa sababu hapo ndipo huwekwa mahali na mwaka. Chini ya miguu ya yule mzee paliandikwa EX S M CASINO, kisha MDCCCLXXX. Tarakimu za Kirumi sikuzijulia darasani, nilizijulia kwenye nyuso za saa, na nyuso za saa zina uongo wake: nne huandikwa IIII, wakati vitabuni ni IV. Tena saa inaishia XII. Hizi M na D na C ilibidi nijifunze ukubwani. M ni elfu, D mia tano, C tatu ni mia tatu, L hamsini, X tatu ni thelathini. Jumla 1880.

Kijana akapiga meza hadi skrubu zikaruka. "Si nimekwambia? Enzi ya Mjerumani!"

Mjerumani alikuwa bado. Hati ya Kaisari ya kuilinda kampuni ya mkoloni wao Carl Peters ilitolewa Februari 1885. Wamisionari Wabenediktini wa kutoka Ujerumani walifungua misheni ya Peramiho, hapo magharibi mwa mji wetu, mwaka 1898. Mwaka 1880 hapa Ungoni hapakuwa na Mjerumani wa kufukia hata kijiko.

Na ile kasino? Maneno kamili ni Ex Sacro Monte Casino, yaani kutoka Mlima Mtakatifu wa Casino. Ni mlima wa Italia, kati ya Roma na Napoli, na jina lake limetokana na mji wa Warumi uliokuwa chini yake, Casinum. Kasino ya kamari ni neno jingine, la Kitaliano, maana yake kijumba. Yanafanana kwa sura tu, kila moja na mama yake. Juu ya mlima huo, karibu mwaka 529, Mtakatifu Benedikto alijenga monasteri ambayo watawa wote wa shirika lake wanaihesabu kuwa nyumbani. Ndege za Marekani ziliibomoa Februari 1944, ikajengwa upya.

Benedikto huhesabiwa kuwa alizaliwa mwaka 480. Basi 1880 watawa wake walikuwa wanasherehekea miaka 1400 ya kuzaliwa kwake, wakatoa medali ya jubilei. Kazi ya kuichora ilifanywa na watawa wasanii wa Beuron, kusini mwa Ujerumani, ambao kiongozi wao alikuwa Desiderius Lenz. Huyu Lenz aliipenda sanaa ya Misri ya kale, na ukijua hivyo hutamtazama tena yule mzee wa ndevu kwa jicho lilelile: amesimama wima kama nguzo, mikunjo ya joho lake imenyooka chini kama iliyopigwa pasi, mkono huu msalaba, mkono huu kitabu cha Kanuni ya watawa wake. Upande wake mmoja kuna kikombe na nyoka anachomoza. Upande mwingine kuna ndege. Kijana alidhani ni kuku. Ni kunguru.

Vyote viwili vinatokana na maisha ya Benedikto kama yalivyosimuliwa na Papa Gregori Mkuu mwishoni mwa karne ya 6. Watawa waliochoshwa na ukali wake walimtilia sumu katika divai. Akafanya ishara ya msalaba, chombo kikapasuka. Baadaye padre mmoja mwenye kijicho akampelekea mkate wenye sumu, na Benedikto akamwamuru kunguru aliyezoea kuja kula kwake akautupe pasipofikiwa na mtu. Kwa hiyo ukikuta medali imefutika kabisa, lakini unapapasa kikombe huku na ndege huku, umeshamjua mwenyewe. Michoro midogo ya pembeni huwa inasema jina la mtakatifu kuliko sura, maana ndevu wanazo wengi.

Ukingoni kumezunguka maneno ya kuomba tulindwe kwa uwepo wake saa ya kufa kwetu: EIUS IN OBITU NRO PRAESENTIA MUNIAMUR. Hilo NRO lilinisumbua siku mbili nilipokutana na medali hii mara ya kwanza, nikilitafuta kwenye kamusi ya Kilatini ya padre mmoja mstaafu. Padre akacheka. Ni NOSTRO, wamelibana kwa kukosa nafasi, kama sisi tunavyoandika "S.L.P."

Sasa upande wa pili, ramani ya dalali. Herufi za kusimama ndani ya msalaba ni C S S M L. Za kulala ni N D S M D. Tazama mchezo wa fundi: S ya katikati ni moja, inasomwa kwenda chini na inasomwa kwenda kando, na kote kuwili ni neno lilelile, sit, yaani "na iwe". Crux sacra sit mihi lux: msalaba mtakatifu uwe nuru yangu. Non draco sit mihi dux: joka asiwe kiongozi wangu. Kwenye pembe nne, C S P B, msalaba wa Mtakatifu Baba Benedikto. Juu kabisa PAX, amani. Na ukingoni kuna V R S N S M V, kisha S M Q L I V B, ambazo ni Vade retro Satana, nunquam suade mihi vana. Sunt mala quae libas, ipse venena bibas. Rudi nyuma, Shetani, usinishawishi kwa upuuzi. Unachonimiminia ni kibaya, sumu yako kunywa mwenyewe.

Mtu aliyezoea mashairi yetu atasikia vina hata kama Kilatini hakijui: lux na dux, Satana na vana, libas na bibas. Beti hizi zilitungwa zikae kichwani. Ndiyo maana herufi ya kwanza ya kila neno ilitosha, kwa anayejua.

"Kwa hiyo ni dua," kijana akasema, sauti imemshuka.

"Ni sala ya kufukuza mlaghai," nikamwambia, "na laki tatu zako zimekaribia kumwendea."

Lakini tusimcheke sana asiyejua kuzisoma herufi hizo. Watawa wenyewe walizisahau. Mwaka 1647, huko Natternberg katika jimbo la Bavaria, wanawake walishitakiwa kwa uchawi. Katika maelezo yao walisema kwamba hawakuweza kuidhuru abasia ya jirani iitwayo Metten, kwa sababu inalindwa na msalaba. Watu wakaenda kuangalia. Kweli, kwenye kuta za abasia palikuwa na misalaba iliyochorwa zamani, ina herufi kama hizi za kijana, na hapakuwa na mtawa hata mmoja aliyeweza kusema ni za nini. Wazia: unasali miaka yote chini ya ukuta wenye maandishi, na hujui ukuta unasema nini. Wakapekua maktaba, wakaangukia kitabu cha mkono cha mwaka 1415, chenye picha ya Benedikto ameshika fimbo yenye msalaba, na maneno yenyewe yameandikwa kwa urefu kwenye fimbo na kwenye utepe alioushika. Herufi zikapata maneno yake. Baada ya hapo medali zikagongwa Ujerumani, zikaenea Ulaya, hadi Papa Benedikto XIV akazipa kibali mwaka 1742. Hatima ya wale wanawake huwa haisimuliwi pamoja na habari za medali, nami kila nikiieleza hadithi hii hunikaa kooni kwamba waliotuonyesha njia ya kuzisoma walikuwa mahabusu.

Narudi kwenye aluminiamu, niliyoiweka pembeni. Kijana alikuwa ameshakubali kwamba hakuna ramani, ila bado alishikilia mwaka. Kitu cha 1880 ni cha 1880, mzee, kina bei yake. Nikatoa funguo zangu. Kwenye kishikizo nina medali kama yake, nimeinunua dukani kanisani kabla ya korona, ya njano inayong'aa. Nikampa lenzi aisome mwenyewe chini ya miguu. Akasoma herufi moja moja: M, D, C, C, C, L, X, X, X.

Mwaka ule ni wa sherehe, si wa kiwanda. Kielelezo cha 1880 kilipendwa mno, kikanakiliwa na kila mgonga medali, na mwaka wake ukanakiliwa nacho hadi leo. Ile Medali ya Mwujiza ya Bikira Maria nayo ni vilevile; inabeba 1830, mwaka wa njozi za Sista Catherine Labouré mjini Paris, ingawa hata zile za kwanza kabisa zilitoka 1832. Ninaona watu wanaziuza mtandaoni kwa bei ya mwaka ulioandikwa, na wanunuzi wanatoa.

Umri wa kweli unautafuta kwenye vitu ambavyo fundi hakukusudia kukwambia. Aluminiamu ni kimoja. Mpaka 1884 ilikuwa bado adimu kiasi kwamba Wamarekani waliitumia kama madini ya thamani kwenye ncha ya mnara wa Washington. Njia ya kuizalisha kwa wingi na kwa umeme iligunduliwa 1886, na Charles Hall kwao Marekani na Paul Héroult kwao Ufaransa, kila mmoja kivyake. Medali ya bei rahisi ya aluminiamu, basi, haiwezi kuwa imegongwa kwenye sherehe za 1880. Cha pili nilikuwa nimekiona tangu mwanzo nikanyamaza. Karibu na kikuku cha kupitishia uzi kulikuwa na herufi ndogo kama mayai ya chawa, mbili zimelika, tatu zimebaki: ALY. Ni ITALY. Neno hilo lilizoeleka kwenye bidhaa baada ya sheria ya forodha ya Marekani ya 1890 kutaka kila kinachoingia kwao kitaje nchi kilikotoka.

"Mjerumani gani anaandika Italy?" nikamuuliza. Akacheka kwa mara ya kwanza.

Mengine nitayapitia haraka. Kama medali yako ina PONT MAX, hiyo ni ya Papa. Tafuta jina lake, PIUS au PAULUS, na ukiona AN ikifuatiwa na namba, kama AN III, huo ni mwaka wa tatu wa upapa wake, usiufanye mwaka wa kalenda. ANNO SANTO ni Kitaliano, mwaka mtakatifu, na iliyo na MCML ni ya 1950. Usishangae kukuta V mahali pa U, wachonga sarafu waliipenda: senti kumi zetu za zamani zenye tundu ziliandikwa GEORGIVS VI REX ET IND IMP, Mfalme George wa 6, Kaisari wa Uhindi, na hilo la Uhindi likaja kuondolewa baada ya India kujitawala 1947. Hata rupia ya kwanza ya Mjerumani ilimwita Kaisari wake kwa Kilatini, GUILELMUS II IMPERATOR. Wanaotafuta mali yake wangeanza na hiyo.

Swali ambalo ningepaswa kuuliza kabla ya yote niliuliza mwisho. Ilikuwa wapi?

Kijana alikuwa anamjengea bibi yake nyumba ya tofali za kuchoma. Walibomoa ile ya zamani ya udongo, na walipokuwa wanachimba msingi mpya, kwenye kona ya upande wa mlango, jembe likaitoa. Hapo nikamwambia apige simu, aweke spika.

"Shikamoo, bibi," nikasema. Mimi nina mvi, lakini sauti iliyonijibu ilikuwa na mvi zaidi.

"Marahaba, baba."

Nikamweleza. Hakuniacha nifike kwenye kunguru. "Juu ina PAX?" akauliza. "Padre zamani alikuwa akisema pax, pax, sisi tunaitikia tu, hatujui tunaitikia nini. Hiyo ni ya babu yao. Alikuwa mwashi, kazi alijifunza misheni. Tulipojenga aliitia mwenyewe kwenye kona, mwaka mmoja kabla ya Uhuru."

Lenzi ilikuwa imenifikisha mahali fulani baada ya 1890, nikabaki na miaka sabini ya kubahatisha. Bibi akaimaliza kabla vocha haijakatika. 1960.

Desturi yenyewe ni ya kale, na ya huko huko Ulaya: medali ya Benedikto huwekwa kwenye msingi, juu ya mlango, hata shambani. Kwetu kuna neno tayari kwa kitu kinachofukiwa ili nyumba ikae salama, zindiko, na naamini wengi walioipokea medali hii misheni waliielewa haraka kwa sababu hiyo. Padre wangu mstaafu halipendi neno hilo. Anasema medali si hirizi, ni sala. Nami namheshimu, simbishii.

"Bibi, kuna mtu anataka kuinunua," kijana akasema kwenye simu.

"Hiyo si yako ya kuuza. Ni ya nyumba."

Bei yake nilimwambia hata hivyo, kwa sababu aliniuliza kwa macho: ya aluminiamu, iliyolika namna ile, haifiki hata nauli ya dalali. Akaikunja kwenye khanga yake. Kisha akauliza jambo ambalo fundi yeyote angelipenda. Nyumba ya babu ilikuwa ya udongo. Hii anamwaga zege. Akiirudisha kwenye kona itakaa?

Haitakaa. Saruji mbichi ina ukali wa chokaa, na ukali huo huitafuna aluminiamu mpaka itoe mapovu. Nikavuta droo, nikatoa kikopo cha plastiki cha filamu ya kamera, kile cheusi chenye kifuniko cha kijivu, vikopo ambavyo zamani wapiga picha walikuwa wakivitupa na mimi nikiviokota kuwekea skrubu. Kifuniko chake bado kinabana. Nikazimwaga skrubu, medali ikaingia na nafasi ikabaki. Kwenye ile nafasi nikatia kipande cha karatasi, nimeandika mwaka wa babu na mwaka huu, kwa tarakimu za kawaida.